Chembe za Jua na Ngao ya Dunia: Namna ya Kutambua Onyo la Kweli

Utangulizi

Upo ujumbe ambao kwa miaka mingi umekuwa ukizunguka katika simu za wananchi, ukitoweka na kurudi tena. Hudai kwamba usiku wa leo, kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:30, mionzi mikali kutoka anga za juu itapita karibu na Dunia; kwamba kila mtu azime simu yake na kuiweka mbali na mwili; na kwamba habari hiyo imetangazwa na mashirika makubwa ya nje. Mwishoni humsihi msomaji awatumie wote awapendao.

Ujumbe huo ni wa uongo. Hata hivyo, umejengwa juu ya jambo lililopo. Jua hurusha chembe zenye nguvu kubwa. Baadhi ya chembe hizo hufika katika eneo linalotawaliwa na sumaku ya Dunia. Na wapo wataalamu wanaofanya kazi usiku na mchana kutabiri ujio wake. Kwa hiyo hasara inaweza kumfika mtumiaji kwa njia mbili. Aliyezima simu usiku ambao mgonjwa wake amelazwa hospitali amepata hasara ya kweli kwa sababu ya hatari ya kubuni. Na aliyechoshwa na uvumi hata akapuuza kila tangazo, huenda akajikuta baharini redio yake imenyamaza, ilhali ilikwisha kutangazwa kuwa uwezekano huo upo.

Katika sura hii tunaeleza jinsi utabiri wa chembe za Jua unavyofanywa. Tumechagua kueleza jambo hili kwa sababu mtu anayefahamu utabiri unavyopatikana hutambua kwa urahisi lile ambalo utabiri unaweza kulisema na lile ambalo hauwezi.

Mambo matatu yatokayo juani

Mlipuko unapotokea juani, mambo matatu yanaweza kutufikia, na kila moja husafiri kwa mwendo wake. Watu wengi huyachanganya, na uvumi hustawi katika mchanganyiko huo.

La kwanza ni mwanga, pamoja na mionzi ya eksirei. Huu hutufikia baada ya dakika 8 hivi. Hugusa upande wa Dunia ulio mchana, na huvuruga tabaka la juu la angahewa linaloitwa ayonosfia, ambalo mawimbi mafupi ya redio hulitegemea ili kusafiri mbali. Redio za masafa hayo zinaweza kunyamaza kwa dakika kadhaa au hata saa kadhaa.

La pili ni chembe zenyewe, hasa protoni na elektroni zilizosukumwa kwa kasi kubwa mno. Hizi ndizo mada yetu kuu. Protoni zenye nguvu kubwa zaidi zinaweza kufika dakika kumi na kitu baada ya kuondoka juani. Zile za nguvu ya kadiri huchukua zaidi ya saa moja.

La tatu ni wingu kubwa la gesi ya moto lililobeba sumaku yake lenyewe. Kwa kawaida wingu hili huchukua siku moja hadi tatu kufika, ingawa yamewahi kutokea mawingu yaliyofika kabla saa 24 hazijatimia. Likifika, linaweza kuitikisa sumaku ya Dunia na kuleta kile kinachoitwa dhoruba ya sumaku.

Njia ya chembe kutoka juani

Mwanga husafiri katika mstari ulionyooka. Chembe za umeme haziendi hivyo. Hulazimika kufuata nyuzi za sumaku zilizotandazwa na Jua katika anga, mfano wa gari moshi linalofuata reli.

Nyuzi hizo hazikunyooka. Jua hupuliza wakati wote upepo wa gesi nyembamba, na papo hapo hujizungusha, likikamilisha mzunguko mmoja kwa takriban siku 27 kama tunavyoliona kutoka hapa. Tazama kifaa cha kumwagilia bustani kinachozunguka: kila tone la maji huruka moja kwa moja kwenda nje, lakini mkondo mzima huonekana umepinda. Ndivyo nyuzi za sumaku ya Jua zilivyopindika. Mwanafizikia wa Marekani, Eugene Parker, alieleza jambo hili mwaka 1958, na vipimo vya vyombo vya anga vilivyofuata vikamthibitisha.

Kutokana na kupindika huko, uzi unaoiunganisha Dunia na Jua hauanzii katikati ya uso wa Jua tunaouona, bali upande wake wa magharibi. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mlipuko uliotokea katikati, ukiwa umetuelekea kabisa, unaweza kutuletea wingu la gesi lakini ukachelewa kutuletea chembe. Mlipuko uliotokea upande wa magharibi unaweza kutumiminia chembe kwa haraka, ilhali wingu lake likapita kando. Kwa hiyo mtabiri huuliza mlipuko ulikuwa mkubwa kiasi gani, na pia huuliza ulitokea mahali gani.

Swali la tatu ni kama wingu la gesi linakwenda kwa kasi ya kutosha kusukuma mbele yake wimbi la mshtuko. Wimbi hilo huendelea kuzipa chembe nguvu njiani, na ndiyo sababu mvua ya chembe inaweza kuendelea kwa siku kadhaa baada ya mlipuko wenyewe kwisha.

Ngao ya Dunia

Chembe zinapofika karibu nasi hukutana na ngao. Sumaku ya Dunia hutawala eneo kubwa la anga linalotuzunguka. Upande unaotazama Jua, mpaka wa eneo hilo huwa kwa kawaida umbali wa zaidi ya kilomita 60,000. Upande wa usiku huburutwa na upepo wa Jua ukawa kama mkia mrefu sana.

Ngao hii haina unene sawa kila mahali. Kwenye ncha za Dunia nyuzi za sumaku husimama wima, na baadhi yake huungana na zile zitokazo juani. Chembe zinazozifuata hupata mlango wa kuingilia. Katika ikweta nyuzi hulala kwa kuambaa na ardhi. Chembe inayokuja kutoka nje hulazimika kuzikata, na katika kuzikata hupindishwa na kurudishwa angani. Ni chembe zenye nguvu ya pekee tu zinazoweza kupenya hapo, na chembe nyingi za Jua hazina nguvu hiyo.

Mwanasayansi wa Norwei, Carl Størmer, alianza kuzikokotoa njia za chembe katika sumaku ya Dunia mwanzoni mwa karne ya ishirini. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta, na mara nyingi hufanywa kinyumenyume: huchukuliwa mahali fulani duniani, ikafuatiliwa njia ambayo chembe ingetoka nayo kwenda nje. Ikiwa njia hiyo inafika anga huru, basi chembe ya nguvu hiyo inaweza kuingia kwa njia hiyo hiyo. Ikiwa inarudi ardhini au inazungushwa bila kutoka, mahali hapo pamekingwa dhidi ya chembe ya nguvu hiyo.

Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu za Dunia zenye kinga kubwa ya namna hii. Wakati wa dhoruba ya sumaku ngao hulegea, na mpaka wa chembe husogea kutoka kwenye ncha kuelekea ikweta. Hata hivyo haufiki kwetu kwa kiasi cha kuhatarisha afya. Chini ya ngao hiyo kuna angahewa, ambayo huzipunguza nguvu chembe zilizobaki. Tunapenda kusisitiza: mtu aliye ardhini Nairobi, Mwanza, Unguja au Bujumbura hapati madhara ya kiafya kutokana na mvua ya chembe za Jua, na simu yake, iwe imewashwa au imezimwa, haibadilishi chochote.

Utabiri hufanywaje?

Kwanza, Jua hutazamwa. Wataalamu huchunguza madoa meusi yaliyo juu ya uso wake, ambayo ni makundi ya sumaku kali, na hukadiria lipi linaelekea kulipuka. Kutokana na makadirio hayo hutolewa uwezekano kwa asilimia kwa siku chache zijazo, kama vile inavyofanywa kwa mvua.

Pili, chembe hupimwa angani. Satelaiti za Marekani za GOES, zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, huhesabu protoni wakati wote. Vyombo vingine vimewekwa umbali wa takriban kilomita 1,500,000 kutoka Dunia kuelekea Jua. Kimojawapo ni SOHO, kilichorushwa mwaka 1995, ambacho vipimo vyake vilisaidia kubuni njia yenye manufaa makubwa. Elektroni ni nyepesi kuliko protoni na husafiri upesi zaidi. Hivyo ongezeko la ghafla la elektroni linaweza kuwaonya wataalamu kuwa protoni ziko njiani. Muda unaopatikana kwa njia hiyo unaweza kufikia saa moja.

Tatu, ukubwa wa tukio hupewa daraja. Kituo cha Utabiri wa Hali ya Anga za Juu cha Marekani, kilichopo Boulder, Colorado, hutumia madaraja matano, kuanzia S1 hadi S5. Kila daraja huwakilisha wingi wa protoni mara kumi ya lile lililotangulia. Kwa hiyo S5 ni mara 10,000 ya S1. Barani Afrika kipo kituo cha aina hiyo huko Hermanus, Afrika Kusini. Aidha, tangu Novemba 2019 ulimwengu una utaratibu wa kuwapelekea marubani na mashirika ya ndege taarifa rasmi za hali ya anga za juu, chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga.

Mipaka ya utabiri

Tungewakosea wasomaji wetu tusipoeleza kuwa utabiri huu una upungufu. Tarehe 20 Januari 2005 ulitokea mlipuko mkubwa upande wa magharibi wa Jua, karibu na mahali uzi wa sumaku unaotufikia unapoanzia. Vituo vya ardhini vilipima ongezeko la chembe hata kabla mionzi ya eksirei ya mlipuko huo haijafikia kilele. Kituo kilichopo Ncha ya Kusini kilipima ongezeko kubwa mno. Tangu mlipuko kuanza hadi chembe kufika, dakika zilikuwa za kuhesabika kwa vidole.

Kisa hicho kinatupa kipimo cha uhakika. Ikiwa wataalamu wenye satelaiti na kompyuta hupata dakika chache au saa moja, na kwa siku zijazo husema uwezekano tu, basi hakuna mtu awezaye kukwambia mchana kwamba chembe zitapita usiku kuanzia saa 6:30 na kukoma saa 9:30. Ujumbe unaotaja saa ya kuanza na saa ya kwisha umejifichua wenyewe.

Namna ya kusoma onyo la kweli

Onyo la kweli hutaja nani amelitoa na lilitolewa saa ngapi. Saa hizo huandikwa kwa saa ya kimataifa, hivyo mtumiaji wa Kenya, Tanzania au Uganda aongeze saa tatu. Kwa mfano, 06:48 ya kimataifa ni 09:48 kwa saa zetu, yaani saa 3:48 asubuhi.

Onyo la kweli hutofautisha mambo matatu: uwezekano, ambao ni makadirio ya siku zijazo, onyo, yaani dalili zinaonyesha tukio li karibu, na taarifa, yaani vipimo vimekwisha kuvuka kiwango. Hutaja pia herufi ya tukio. R ni kukatika kwa mawimbi ya redio kutokana na eksirei. S ni mvua ya chembe. G ni dhoruba ya sumaku. Kwa sisi tulio karibu na ikweta, R na G zina maana zaidi katika maisha ya kila siku kuliko S. Msomaji akiona S3 asihamaki. Akiona R3 mchana, na kazi yake inategemea redio ya masafa mafupi, achukue hatua.

Onyo la kweli halimwamuru mtu azime simu, halimwombi alisambaze, wala halimuuzii kitu.

Nani anaguswa, na afanye nini?

Wavuvi, mabaharia na waokoaji. Redio ya mawimbi mafupi inaweza kunyamaza ghafla mchana. Usitoke ukiwa na njia moja tu ya mawasiliano. Redio ya masafa ya juu sana inayotumika karibu na pwani haitegemei ayonosfia kwa namna ile ile; na dira ya mkononi haihitaji satelaiti. Toa taarifa nchi kavu kabla ya kuondoka, ukitaja saa unayotarajia kurudi.

Wapimaji wa viwanja na wanaowalipa. Vifaa vya kutambua mahali kwa satelaiti vinaweza kukosea wakati ayonosfia imevurugika. Katika ukanda wetu wa ikweta mvurugiko huo hutokea pia bila mlipuko wowote wa Jua, hasa baada ya machweo, na zaidi katika majira ya Machi na Septemba. Mpaka wa kiwanja usikubaliwe kwa kipimo kimoja. Omba kirudiwe saa nyingine, na vipimo vyote viandikwe.

Watumiaji wa televisheni, simu na intaneti ya satelaiti. Chembe zinaweza kuvuruga vifaa vya elektroniki ndani ya satelaiti, hata huduma ikasita. Huduma ikikatika, andika tarehe na saa.

Wasafiri. Ndege zinazopita karibu na ncha ya kaskazini, kwa mfano baadhi ya zile zitokazo nchi za Ghuba kwenda pwani ya magharibi ya Marekani, zinaweza kubadilishiwa njia au kushushwa kimo wakati wa mvua kubwa ya chembe. Ndivyo ilivyokuwa Oktoba 2003, tukio lilipofikia daraja la S4. Mabadiliko hayo huleta ucheleweshaji, lakini hufanywa kwa usalama wa abiria na kulinda mawasiliano ya rubani. Ukiwa na safari ya kuunganisha, acha nafasi ya kutosha kati ya ndege moja na nyingine.

Wanunuzi. Stika, kadi na mifuko inayouzwa kwa madai ya kuzuia mionzi ya Jua isiingie kwenye simu au mwilini haina kazi hiyo. Kijikaratasi hakiwezi kufanya kile kinachofanywa na sumaku ya Dunia nzima na kilomita nyingi za hewa. Tena, kifaa kinachozuia kweli mawimbi ya simu kitaifanya simu ishindwe kupata mtandao. Usikinunue, na kama umekwisha kukinunua kwa madai hayo, tunza risiti na tangazo lililokushawishi.

Mtoa huduma anapolitupia Jua lawama

Huenda mtoa huduma akakwambia kuwa mtandao ulikatika kwa sababu ya dhoruba ya Jua. Sababu hiyo inaweza kuwa ya kweli, na inaweza kuwa kisingizio. Una njia ya kuipima. Uliza tukio lilikuwa la herufi gani, la daraja gani, na lilitokea saa ngapi. Taarifa za matukio hayo huwekwa hadharani, hivyo jibu linaweza kulinganishwa. Kumbuka pia kuwa mtandao wa kawaida wa simu hupitia minara ya ardhini. Na mvua ya chembe haikati waya ulio mtaani kwako wala haimalizi mafuta ya jenereta ya mnara.

Peleka malalamiko kwanza kwa mtoa huduma, na uombe namba ya malalamiko hayo. Usiporidhika na jibu, au usipojibiwa, tuletee sisi namba hiyo pamoja na kumbukumbu ulizoandika. Malalamiko yenye tarehe na saa hushughulikiwa kwa urahisi kuliko yale yanayosema tu kwamba mtandao ulisumbua.

Mambo ya kukumbuka

1. Utabiri wa chembe za Jua husema uwezekano, wala hautaji saa ya kuanza na ya kwisha.

2. Mahali mlipuko ulipotokea juani ni jambo la msingi sawa na ukubwa wake.

3. Afrika Mashariki imekingwa vyema dhidi ya chembe hizi. Tahadhari yetu ielekezwe zaidi kwenye redio na vipimo vya satelaiti.

4. Kabla ya kusambaza ujumbe, tafuta jina la aliyeutoa, saa ulipotolewa na daraja la tukio. Vikikosekana, uishie kwako.

5. Usizime simu ambayo mtu anaitegemea kwa sababu ya uvumi.

Tunawaomba wasomaji wawasomee sura hii wazee na vijana wa nyumbani, kwa kuwa ujumbe wa uongo hupita zaidi mikononi mwa watu wenye nia njema. Anayeutuma hudhani anawalinda awapendao. Atawalinda vyema zaidi akiuliza kwanza.